Mwenye Mwili Ndiye Mwenye Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo ni kweli, walakini halikutuambia daftari likae mkononi mwa nani. Mtu aweza kuwa na ng'ombe ishirini malishoni, na hesabu ya ng'ombe hao, ya maziwa yao na ya ndama wao, ikawa imeandikwa na jirani na kufungiwa katika sanduku la jirani. Siku ya ugomvi ni nani atakayeaminiwa, aliye na ng'ombe au aliye na daftari? Swali hili la kale limeturudia kwa sura mpya, kwa kuwa siku hizi kinachoandikwa daftarini si mifugo wala mashamba peke yake. Mwili wa binadamu nao umeanza kuandikwa, pigo la moyo baada ya pigo, usiku na mchana.

Vyombo vinavyofanya kazi hiyo huitwa vihisi. Kimoja hukaa ndani ya saa ya mkononi. Hutoa mwanga wa kijani unaopenya ngozi, na kwa kuwa damu hunywa mwanga huo, chombo huhesabu mapigo ya moyo kwa kutazama jinsi mwanga unaorudi unavyozidi na kupungua. Kingine kina uzi mwembamba unaokaa chini ya ngozi ya mkono, nacho hupima sukari kila baada ya dakika chache kwa muda wa majuma mawili hivi. Vingine huhesabu hatua, pumzi, joto la mwili na saa za usingizi. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Norman Holter wa Montana, Marekani, alipotaka kuandika mapigo ya moyo wa mtu anayetembea, ilihitajiwa kubeba mgongoni mtambo wa kilo 38 hivi. Watu wa Kericho na Bomet, ambao mama zao wamebeba vikapu vya majani chai mgongoni maisha yao yote, hawana haja ya kuelezwa uzito huo. Leo kazi ile ile hufanywa na kitu kinachoenea katika kiganja cha mtoto.

Juu ya vyombo hivi kuna maoni yanayoenea, nami nimekusudia kuyapinga. Maoni yenyewe ni kwamba yafaa mwajiri, au shirika la bima, au mtu yeyote mwenye uwezo, awavishe watu vihisi kwa wema wake, akusanye tarakimu za miili yao, azitunze kwake, na azitumie kama aonavyo vema. Na kwamba anayekataa ama ni mjinga ama ana jambo la kuficha. Nimeyasikia maneno haya kwa watu wazima wenye elimu, na nimeyasikia pia kwa vijana ninaowafundisha kazi ya ualimu. Mimi nasema kinyume chake. Tarakimu za mwili ni mali ya mwenye mwili. Mwingine awaye yote akizishika, azishike kwa ruhusa, kwa faida ya mwenyewe, na kwa muda. Kupita hapo ni unyang'anyi, hata kama mnyang'anyi anatabasamu.

Mtu asidhani kwamba nina uadui na chombo. Kati ya mwaka 2019 na 2020, katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, vihisi laini vya kubandikwa kwenye mwili vilijaribiwa kwa watoto wachanga. Mtoto aliyezaliwa jana hawezi kusema kwamba pumzi inamwishia, na muuguzi mwenye watoto wengi wodini hawezi kusimama mbele ya kila kitanda. Kihisi humsemea mtoto. Lakini tazameni jinsi mambo yanavyopaswa kupangwa wodini. Anayesoma tarakimu ni muuguzi yule yule mwenye wajibu wa kutibu. Oksijeni iko karibu. Na mwenye kufaidika ni mtoto aliyevalishwa. Hali kadhalika mgonjwa wa kisukari mwenye kihisi mkononi huona mwenyewe sukari yake ikipanda au ikishuka, akajua la kufanya. Nani atakayepinga mambo kama hayo? Ninachopinga ni kuchukua heshima iliyopatikana kitandani pa mtoto mgonjwa na kuitumia kama cheti cha kuingilia shambani, kiwandani na afisini.

Na hapa katika nchi yetu ya chai hatuwezi kusema kwamba hatujui maana ya kupimwa kila siku. Chai ya biashara imechumwa katika vilima vya Kericho tangu miaka ya 1920, na tangu zamani mchumaji wa mashamba makubwa amekuwa akilipwa kwa uzito wa majani. Anapeleka kikapu kwenye mizani, karani anasoma, karani anaandika. Jioni jumla yake hujulikana. Kilo hizo ni hesabu ya majani, lakini ni hesabu ya mwili pia. Kwa maana mwenye homa huchuma kidogo, mwenye mimba kubwa huchuma kidogo, na aliyekesha akiuguza mtoto huchuma kidogo. Mizani haiulizi sababu. Huandika pungufu, basi.

Ushahidi wa neno hili upo. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston na wenzao wa Kenya walichapisha utafiti juu ya wachumaji wa shamba kubwa la chai la Kericho. Walichukua hesabu za kilo za wachumaji waliokufa au waliostaafu kwa sababu ya Ukimwi, wakazilinganisha na hesabu za wachumaji wengine. Waliona kwamba katika miezi 18 ya mwisho ya kazi yao, wagonjwa hao walikuwa wakichuma pungufu ya wenzao kwa kilo kati ya 4 na 8 kila siku. Fikirini jambo hili kwa utulivu. Kwa mwaka mmoja na nusu mizani ilikuwa ikieleza, kwa lugha yake ya kilo, kwamba mtu fulani anadhoofika. Daftari lile lilikuwa la mshahara; halikuwekwa kwa ajili ya tiba, wala simlaumu karani kwa kutolisoma kama cheti cha daktari. Lakini funzo ni dhahiri. Habari za mwili wa mtu zaweza kukaa katika rafu ya mtu mwingine kwa miezi mingi bila kumfaa mwenye mwili hata kidogo. Aliyepungukiwa na kilo alipungukiwa na mshahara, na hayo ndiyo matumizi ya kwanza ya tarakimu zile.

Sasa linganisheni mizani na kihisi. Mizani hulala jioni, kihisi hakilali. Mizani hubaki shambani; kihisi hufuatana na mtu hata nyumbani kwake, chumbani kwake, kanisani kwake. Mizani hujua kilo tu. Kihisi hujua kwamba mtu hakulala usiku, kwamba moyo wake umekwenda mbio, kwamba amesimama kupumzika mara ngapi na kwa dakika ngapi. Moyo wa mwanamke mwenye mimba hupiga upesi zaidi hata akiwa amepumzika. Je, msimamizi wa kazi awe na njia ya kuhisi habari hiyo kabla ya mume, kabla ya mama mzazi, pengine kabla ya mwanamke mwenyewe? Tusisahau kwamba mwaka 2023 uchunguzi wa BBC ulitangaza ushuhuda wa wanawake wengi waliosema kwamba wasimamizi wa mashamba ya chai ya Kericho waliwadhulumu kwa sababu ya kuhitaji kazi. Mahali palipo na tofauti kubwa hivyo ya nguvu, kumwongezea mwenye nguvu habari za siri za mnyonge ni kumpa panga mtu ambaye tayari ana rungu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Nasi tusikivae tukidhani ni pambo.

Watetezi wa maoni yale hujibu kwamba kuvaa kutakuwa kwa hiari. Neno hiari ni zuri, lakini lina masharti. Mwenye hiari ni yule awezaye kukataa asipate hasara. Mashine za kuchuma chai zimepunguza nafasi za kazi katika mashamba yetu, na hasira juu ya jambo hilo ilifika mahali pa kuchoma mashine moto hapa Kericho mwezi Mei 2023. Kibarua ambaye kazi yake yawaniwa na mashine, akiletewa karatasi atie kidole gumba, ana hiari ya namna gani? Mwaka huo huo wa 2023 tuliona Nairobi watu wengi wakipanga foleni ili macho yao yapigwe picha na Worldcoin, kwa malipo ya sarafu za mtandaoni zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi. Mwezi Agosti serikali ilisimamisha shughuli hiyo, na mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru habari zilizokusanywa zifutwe. Waliopanga foleni hawakuwa wajinga. Walihitaji fedha. Na mahitaji humfanya mtu auze leo kitu ambacho hataweza kukinunua tena kesho, kwa kuwa mtu hapewi macho mengine.

Wala jambo hili si la nchi maskini peke yake. Katika jimbo la West Virginia, Marekani, watumishi wa umma, walimu wakiwa miongoni mwao, walielezwa kwamba bima yao ya afya itawataka wajiunge na programu ya simu iitwayo Go365 na kukusanya alama kwa hatua zao na mambo ya afya yao. Na asiyetimiza angelipa dola 25 zaidi kila mwezi. Walimu walikasirika. Programu hiyo iliondolewa, na mwanzoni mwa mwaka 2018 walimu wa jimbo lote waligoma, malalamiko juu ya bima yakiwa katika orodha yao pamoja na mishahara. Walimu hao hawakuwa maadui wa afya. Walikataa afya igeuzwe kodi, na mwili uwe kitu cha kutozwa faini. Nami, nikiwa mwalimu, nasema walifanya vema.

Wengine husema kwamba asiye na ugonjwa hana cha kuficha. Hii ni hoja dhaifu iliyovaa kanzu ya ushujaa. Mtu hufunga mlango anapooga, wala si kwa sababu ameiba. Faragha ni sehemu ya heshima ya binadamu, na sheria za nchi yetu zimekwisha kuitambua. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu Ukimwi inakataza kumlazimisha mtu apimwe virusi ili apate kazi au aendelee nayo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaweka habari za afya katika fungu la habari nyeti, na inampa mtu haki ya kuelezwa habari zake zitatumiwaje, haki ya kuziona, haki ya kukataa zisitumiwe, na haki ya kutaka za uongo zisahihishwe au zifutwe. Kwa hiyo anayesema kwamba mwajiri achukue tu, maadamu nia yake ni njema, hashindani nami peke yangu. Anashindana na Katiba.

Tena kuna kosa la kudhani kwamba tarakimu haisemi uongo. Vihisi vingi husoma mwili kwa mwanga, na rangi ya ngozi nayo hunywa mwanga. Mwaka 2020 madaktari wa Michigan, Marekani, walichapisha matokeo yaliyoshtua wengi: kile chombo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu kilishindwa kutambua upungufu mkubwa wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya wagonjwa weupe. Mgonjwa alikuwa akikosa hewa, na chombo kikaandika salama. Mwezi Januari 2025 wakubwa wa serikali ya Marekani wanaosimamia dawa na vyombo vya tiba walitoa rasimu ya mwongozo inayotaka vyombo hivyo vijaribiwe kwa watu wa rangi nyingi zaidi. Basi iwapo daktari aliyesomea kazi yake aliweza kudanganywa na chombo cha hospitali, itakuwaje kwa msimamizi wa shamba anayetazama tarakimu za mtu mweusi katika kioo cha simu, asiyejua ni ngozi ya nani iliyotumiwa kulipima jambo hilo mara ya kwanza?

Na hata tarakimu ikiwa ya kweli, kipimo si dawa. Mtu akiambiwa na saa yake usiku wa manane kwamba moyo wake unapiga vibaya, naye yuko bondeni mbali na barabara, mvua ya Kericho inanyesha na hana nauli, saa ile imemwongezea nini ila hofu? Hospitali ya Tenwek, iliyoanza mwaka 1937 hapa Bomet, haikujenga jina lake kwa kuwaambia watu kwamba ni wagonjwa. Ililijenga kwa kuwatibu. Anayetaka kutumia fedha kwa ajili ya afya ya wachumaji aanze na zahanati yenye dawa, maji safi, mapumziko ya kutosha na mzigo unaobebeka. Akimaliza hayo, na alete saa.

Sitaki kukwepa hoja moja yenye nguvu kuliko zote. Mtu aweza kuniuliza: je, kihisi hakiwezi kumtetea mfanyakazi? Chaweza sana, na hapo ndipo maneno yangu yanapopata nguvu. Mwaka 2022 mahakama ya Edinburgh, Scotland, iliruhusu shauri la pamoja la wachumaji zaidi ya 1,000 wa Kericho dhidi ya kampuni ya James Finlay (Kenya), waliodai kwamba kazi ya kuinama na kubeba mizigo iliwaumiza migongo. Kampuni ilikana madai hayo, na miaka ikapita katika mvutano juu ya mahakama ipi ya kulisikiliza shauri hilo. Sisemi nani ana haki. Hiyo ni kazi ya majaji. Nasema hivi: mtu mwenye kuumwa mgongo anapokwenda mahakamani, huhitaji ushahidi wa saa alizoinama na uzito alioubeba. Kama angekuwa na kumbukumbu zake mwenyewe, zilizo mkononi mwake, angekuwa na shahidi asiyechoka. Kama kumbukumbu hizo zingekuwa kwa mwajiri peke yake, angelazimika kumwomba mshitakiwa ushahidi wa kumshitaki. Chombo ni kile kile, tarakimu ni zile zile. Tofauti ni sanduku zilimofungiwa.

Basi haki idaiwe kwa maneno machache yanayoeleweka na kila mtu. Mwenye mwili awe wa kwanza kuzisoma tarakimu zake, kwa lugha aijuayo. Aweze kukivua chombo siku yoyote bila kupoteza kazi, mshahara wala bima. Tarakimu zisitumiwe kuajiri, kufukuza wala kukata malipo. Atakayezisoma pamoja naye awe mtu wa tiba, aliyefungwa na wajibu wa kutunza siri. Na kazi ikiisha, zifutwe. Haya si makubwa. Mkulima mdogo wa Bomet anapopeleka majani yake kituo cha kununulia chai, hupimiwa mbele ya macho yake na kupewa risiti aende nayo nyumbani. Asiporidhika, hubisha. Ikiwa kikapu cha majani kina risiti, kwa nini moyo wa mtu usiwe nayo?

Ninyi mnaosoma insha hii bado mko shuleni, na wengi wenu mmesomeshwa kwa fedha ya chai. Miaka michache ijayo mtaajiriwa, na wengine mtaajiri. Mtaletewa saa, mikanda na viraka, pamoja na karatasi ndefu yenye maandishi madogo. Isomeni karatasi kabla ya kutazama uzuri wa saa. Ulizeni nani atasoma, wapi zitatunzwa, kwa muda gani, na itakuwaje mkikataa. Asiyeweza kuwajibu maswali manne hayo, mrudishieni saa yake. Nanyi mtakaokuwa wakubwa wa kazi, msingoje kuulizwa. Na mkirudi nyumbani likizo hii, waelezeni wazazi wenu yaliyomo katika sheria ya mwaka 2019, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Sheria isiyojulikana na mchumaji haimkingi, na ninyi ndio mnaoweza kumsomea.